Siku moja na familia kwenye Njia ya Mvinyo ya Alsace: ngome moja, vijiji viwili au vitatu, na jioni Eguisheim

Alsace ni ukanda mwembamba wa mashariki mwa Ufaransa, kati ya milima ya Vosges na mto Rhine, ambao ng'ambo yake ni Ujerumani. Njia ya Mvinyo, iliyozinduliwa mwaka 1953, inapita humo kilomita 170 hivi, kutoka Marlenheim kaskazini hadi Thann kusini. Kila baada ya kilomita chache kuna kijiji chenye nyumba za fremu za mbao zilizopakwa rangi, mashamba ya mizabibu yanaanzia ukutani mwa nyumba ya mwisho, na juu kilimani kuna ngome au magofu yake.

Kwa sababu vijiji vimekaribiana hivyo, familia nyingi hujipangia sita au saba kwa siku. Matokeo yake ni siku ya kutafuta maegesho, kupiga picha na kuwaburuta watoto. Mimi nashauri kinyume: ngome moja nzima asubuhi, chakula mahali patulivu, kituo kimoja cha mchana kinachochaguliwa kwa kuangalia umri wa watoto, kisha Eguisheim jioni mabasi ya watalii yakishaondoka. Mpango huu unawafaa hata wasiokunywa mvinyo kabisa, na nimeuandika nikiwafikiria wao pia.

Kwanza: chagua siku

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Mwezi wa Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo unapata siku ndefu bila kukimbizana. Agosti vijiji hujaa mno. Masoko ya Krismasi, kuanzia mwisho wa Novemba, yana uzuri wake, lakini msongamano wa watu Jumamosi moja ya Desemba si mahali pa kwenda na mtoto wa miaka mitatu. Septemba na Oktoba ni mavuno ya zabibu. Utaona watu mashambani wakikata vichala na matrekta yakipita polepole, ila baadhi ya vijia vya ndani ya mizabibu hufungwa kwa wageni wakati huo. Heshimu vibao, na usichume zabibu hata kama hakuna anayekuona, maana lile ni jasho la mtu la mwaka mzima.

Mvua haisumbui sana huku. Mawingu yanayotoka magharibi humwaga maji upande wa pili wa Vosges, ndiyo maana Colmar ni kati ya miji mikavu zaidi Ufaransa na mizabibu imestawi hapa karne nyingi.

Angalia pia kalenda. Alsace ina sheria zake za Jumapili na sikukuu, zilizobaki tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Supamaketi hufungwa Jumapili, na Ijumaa Kuu na tarehe 26 Desemba ni sikukuu hapa ingawa kwingine Ufaransa si hivyo. Ukitoka Jumapili, nunua maji, mkate na matunda Jumamosi.

Pili: gari, viti vya watoto na hati

Mahali pazuri pa kuanzia ni Colmar. Kutoka Strasbourg ni nusu saa hivi kwa treni, na ukija kwa gari barabara kuu ya A35 haina malipo. Wanaotua kwa ndege kwenye uwanja wa Basel-Mulhouse wajue kwamba una upande wa Uswisi na upande wa Ufaransa. Kodi gari upande wa Ufaransa, kwa sababu ndiko unakokwenda.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, isipokuwa ana kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen. Ndugu anayekuja kutoka Uingereza akiwa na kibali cha kuishi cha huko bado anaihitaji. Leseni ya udereva ya nyumbani iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, kinachotolewa nchini kwako kabla ya kusafiri.

Sheria ya Ufaransa inataka mtoto aliye chini ya miaka kumi akae nyuma, kwenye kiti kinacholingana na umbo lake. Agiza viti unapoweka nafasi ya gari, usingoje kufika dirishani. Kikomo cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa dereva mpya. Ushauri wangu ni mfupi zaidi: anayeendesha asionje hata tone. Barabara zina kona nyingi na watoto wako nyuma.

Bila gari inawezekana, ila punguza matarajio. Mabasi yanaunganisha Colmar na vijiji vikubwa, lakini ni machache, na Jumapili ni machache zaidi. Kwa basi chagua Kaysersberg au Riquewihr, kimoja tu, na ukae nusu siku.

Usiende na kigari cha mtoto ukitegemea ndicho kitakusaidia. Barabara za vijiji ni za mawe, na ngome ni ngazi tupu. Chukua kanga mbili. Moja ya kumbebea mtoto mgongoni, nyingine ya kutandika chini wakati wa kula au kumfunika upepo ukivuma kule juu. Mama anayepanda ngazi za mzunguko mikono ikiwa huru, mtoto amelala mgongoni, atawapita wengi waliosimama chini na vigari vyao wakijadiliana nani abaki.

Tatu: ngome ya Haut-Koenigsbourg, mara tu mlango unapofunguliwa

Ondoka Colmar saa mbili na nusu asubuhi. Ngome hufunguliwa kati ya saa tatu na saa tatu na nusu kutegemea msimu, na hufungwa tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Magari huegeshwa bure kando ya barabara inayozunguka kilima. Ukifika mapema unaegesha karibu na mlango, ukifika saa tano utatembea mteremko mrefu na watoto watakuwa wamechoka kabla ya kuanza. Tikiti nunua kabla kwa intaneti.

Ngome iko mita 757 juu ya usawa wa bahari, imejengwa kwa mawe ya mchanga yenye rangi ya waridi. Inatajwa katika maandishi tangu 1147. Mwaka 1633, katika Vita vya Miaka Thelathini, Waswidi waliizingira siku 52, wakaiteka, na ikateketea. Ikabaki gofu kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Mwaka 1899 mji wa Sélestat ukaitoa zawadi kwa Kaisari Wilhelm wa Pili, maana Alsace ilikuwa ya Ujerumani tangu 1871, naye akamwagiza msanifu Bodo Ebhardt aijenge upya. Kazi ilichukua miaka 1900 hadi 1908. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ngome ikawa mali ya Ufaransa.

Msomaji wa Tanzania atazame hiyo miaka tena. Kaisari huyuhuyu ndiye aliyetawala Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wakati mafundi wanainua kuta hizi na kuchora dari za ukumbi wake, watu wa Umatumbi na Ungoni, kusini mwa Tanzania ya leo, walikuwa katika Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa iliua watu wengi kuliko risasi. Ukiwa na watoto wa shule ya msingi wa darasa la juu au wa sekondari, waambie hayo mkiwa ndani ya Ukumbi wa Kaisari, chini ya tai mkubwa aliyechorwa darini. Vitabu vyao vya historia vina jina la mtu huyo, na hapa wamesimama chini ya dari yake.

Kwa wadogo kuna mambo mengi ya kuona. Wapeleke kwenye daraja la kuvutwa, kisha ua wa ndani wenye kinu cha upepo na kiwanda cha mhunzi. Kisima kina kina cha mita 62, waache wapige hesabu ni ghorofa ngapi. Jikoni kuna meko makubwa ambayo mtu mzima anaweza kusimama ndani. Vyumbani kuna majiko marefu ya vigae vilivyochongwa, ambayo yalikuwa yakiongezwa kuni kutoka upande wa pili wa ukuta ili moshi na majivu visiingie chumbani. Mwisho mtatokea kwenye boma kubwa lenye mizinga. Kutoka hapo utaona uwanda wa Rhine wote, vijiji vikiwa madoa ya paa jekundu kati ya mizabibu, Msitu Mweusi wa Ujerumani ng'ambo, na siku ya hewa safi kabisa, milima ya Alps.

Tenga saa mbili. Kuna baridi ndani hata kiangazi, kwa hiyo kila mtoto awe na sweta.

Nne: chakula cha mchana Bergheim, kabla ya saa saba

Jambo hili huwaumiza wageni wengi: mikahawa ya hapa hupika kuanzia saa sita mchana hadi karibu saa nane, kisha jiko linafungwa mpaka jioni. Ukifika saa tisa na watoto wenye njaa utapewa kahawa na keki. Kwa hiyo teremka kutoka ngomeni saa tano na nusu, uende Bergheim, dakika 20 hivi.

Nimechagua Bergheim kwa sababu ni tulivu kuliko majirani zake, ingawa mwaka 2022 Wafaransa walikipigia kura kuwa kijiji wanachokipenda zaidi. Ukuta wake wa kale bado unakizunguka karibu wote, na kuna njia ya miguu ya kuufuata. Watoto wakimbie hapo kabla au baada ya kula.

Sasa kuhusu sahani. Chakula cha Alsace ni kizito na nguruwe amejificha kila mahali. Tarte flambée, ambayo wenyewe huiita flammekueche, ni unga uliosukumwa mwembamba kama chapati, ukapakwa malai mazito na vitunguu, ukachomwa kwenye tanuri kali. Watoto wote huipenda. Ya kawaida hunyunyiziwa vipande vya nyama ya nguruwe, lakini kila mkahawa unaweza kutengeneza ya jibini na uyoga peke yake. Choucroute ni kabichi iliyochachushwa, huja na soseji na nyama za nguruwe, na mara nyingi kabichi yenyewe imepikwa na mvinyo. Baeckeoffe ni nyama tatu na viazi vilivyookwa saa nyingi kwenye chungu cha udongo, na mojawapo ya nyama hizo ni nguruwe. Kuku au samaki “wa Riesling” maana yake mchuzi ni wa mvinyo. Hata kougelhopf, ile keki ndefu yenye tundu katikati, zabibu zake kavu mara nyingi zimelowekwa kwenye pombe ya cheri.

Maneno mawili yatakutosha: “sans porc”, bila nguruwe, na “sans alcool”, bila pombe. Yaseme kabla ya kuagiza, kwa upole, na ukianza na “Bonjour”. Usimwite mhudumu bila salamu, hapa ni utovu wa adabu kama ilivyo kwetu. Anayetaka nyama halali ale jioni Colmar au Strasbourg, mjini kuna maduka ya kebabu ya Waturuki. Mchana achukue tarte ya jibini, au anunue mkate, jibini na nyanya, atandike kanga nje ya ukuta wa kijiji.

Tano: mchana, chagua kimoja

*Ukiwa na watoto wa chini ya miaka saba*, nenda Hunawihr, kwenye hifadhi ya korongo iitwayo NaturOparC. Korongo mweupe ndiye ndege wa Alsace, lakini kufikia 1974 zilibaki chini ya jozi kumi za kutaga katika jimbo zima. Wengi walikuwa wakifa safarini na kwenye makazi yao ya majira ya baridi Afrika, kwa ukame wa Sahel, kuwindwa na nyaya za umeme. Wahifadhi wakaanza kuwalea makinda na kuwazuia wasihame miaka yao ya kwanza, mpaka wakazoea kubaki. Leo kuna mamia ya jozi, na utaona viota vyao vikubwa vya vijiti juu ya minara na mabomba ya moshi. Korongo hawa wa magharibi huelekea Sahel. Wenzao wa mashariki mwa Ulaya hupita Misri na Sudan hadi Kenya, Tanzania na kusini zaidi, kwa hiyo mtoto aliyewahi kuwaona nyikani kwetu mwezi wa Januari anamwona hapa ndege wa aina ileile akiwa kwake nyumbani. Hifadhi hufungwa majira ya baridi.

*Ukiwa na watoto wakubwa*, nenda Kaysersberg kupitia Sigolsheim. Juu ya Sigolsheim, katikati ya mizabibu, kuna makaburi ya askari zaidi ya 1,500 wa Jeshi la Kwanza la Ufaransa waliokufa katika mapigano ya kuukomboa ukanda wa Colmar, Desemba 1944 hadi Februari 1945. Wengi ni Waislamu kutoka Afrika Kaskazini, na mawe ya makaburi yao yamechongwa kwa umbo lao, tofauti na misalaba ya wenzao. Watalii wengi hupita chini bila kupanda. Panda. Soma majina machache kwa sauti, omba dua. Vijiji unavyoviona bondeni, vingi vilibomolewa katika baridi ile, na baadhi ya nyumba zake ni za baada ya vita.

Kaysersberg yenyewe iko dakika chache mbele, kwenye mto mdogo uitwao Weiss, wenye daraja la ngome la mwaka 1514. Acha gari kwenye maegesho ya kulipia nje ya kijiji, usijaribu kuingia ndani. Panda kijia cha ngazi hadi magofu ya ngome, robo saa kwa mwendo wa mtoto. Kiingilio ni bure, na mnara unapandwa mpaka juu.

Kwenye barabara kuu ya kijiji ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer, tarehe 14 Januari 1875, na kuna makumbusho yake. Alikuwa mchungaji, mpiga kinanda na mwanafalsafa, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima, na mwaka 1913 akaenda na mkewe Hélène kufungua hospitali Lambaréné, Gabon. Alipata Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952. Waeleze watoto yote mawili: maelfu walitibiwa kwake, na pia aliandika kwamba yeye ni ndugu wa Mwafrika, ila ndugu mkubwa. Waafrika wengi hawakumsamehe sentensi hiyo, na nadhani ni haki yao. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuyapima yote mawili, na atakuwa na maswali mazuri ndani ya gari.

Utaniuliza, na Riquewihr? Kwa majengo ndicho kijiji kizuri kuliko vyote, na mnara wake wa Dolder umesimama tangu 1291. Lakini ni barabara moja kuu, na mchana huwa imejaa bega kwa bega. Kama umelala karibu, ingia kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Vinginevyo kiache kwa safari nyingine.

Sita: kwenye ghala la mvinyo, hata kama hunywi

Wakulima wengi hupokea wageni nyumbani kwao, palipo na kibao cha “dégustation”, yaani kuonja mvinyo. Mvinyo wa Alsace karibu wote ni mweupe, na chupa huandikwa jina la zabibu: Riesling mkavu (usio mtamu), Gewurztraminer wenye harufu ya waridi, Pinot Gris, Muscat, Sylvaner, Pinot Blanc, na Pinot Noir ambao ndio mwekundu. Anayeonja si lazima ameze, kuna chombo cha kutemea na hakuna atakayekushangaa. Ni ustaarabu kununua chupa moja ukishaonja kadhaa. Familia kubwa isiingie kwenye ghala dogo bila kupiga simu kwanza.

Asiyekunywa aulize “jus de raisin”, maji ya zabibu yasiyochachushwa, ambayo wakulima wengi huuza kwa chupa. Ni matamu sana, wape watoto kidogo na maji. Na bila kuingia ghala lolote, egesha mahali palipo na kibao cha “sentier viticole”, yaani kijia cha mizabibuni, na mtembee nusu saa kati ya mistari ya mizabibu. Mguse udongo, mwone jinsi mzabibu mzee ulivyojikunja kwenye waya.

Saba: Eguisheim kuanzia saa kumi na moja jioni

Eguisheim iko kusini mwa Colmar, mwendo wa robo saa. Kijiji ni duara. Katikati kuna ngome ndogo na uwanja wenye chemchemi, na barabara zinaizunguka moja nje ya nyingine, kwa hiyo mtoto hapotei: akifuata ukuta atarudi alikoanzia. Papa Leo wa Tisa, aliyezaliwa 1002, alitoka katika ukoo wa mabwana wa hapa.

Egesha nje, lipa mashine, ingia kwa miguu hadi Rue du Rempart. Ni kichochoro chembamba kiasi kwamba ghorofa za juu za nyumba zinakaribia kugusana. Kuta ni za samawati, manjano na wekundu wa tofali, madirisha yana masanduku ya maua, na juu ya milango mingi pamechongwa mwaka wa ujenzi na alama ya kazi ya mwenye nyumba, kama vile kisu cha kupogolea mizabibu. Wape watoto shindano la kutafuta mwaka wa zamani kuliko yote. Nyumba hizi watu wanaishi ndani, basi wasigonge vioo wala kuingia uani.

Kula jioni hapa kunawezekana kuanzia saa moja, ukiwa umeweka nafasi. Kama watoto wamechoka, rudi Colmar, na mkipita lango la kaskazini mwa mji waonyeshe sanamu ya Uhuru ya mita 12 kwenye mzunguko wa barabara. Frédéric Auguste Bartholdi, aliyechonga ile ya New York, alizaliwa Colmar mwaka 1834.

Gari la kukodi lijazwe mafuta kabla ya kulirudisha. Jioni na Jumapili vituo vya supamaketi havina mhudumu, vinapokea kadi tu, na vingi huzuia kwanza kiasi kikubwa kwenye akaunti kisha kuachia baki baada ya siku moja au mbili. Hakikisha kadi ina salio la kutosha.